Barua ya wazi kwa wanaosimamia shule za msingi za Lubumbashi: mstari uliopita nyuma ya ukuta

Kwenu Waheshimiwa mnaoamua nani asome wapi katika jiji letu la Lubumbashi,

Salamu za heshima ziwafikie mlipo.

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza ziliandikwa kwa Kifaransa, zikapigwa mashine, zikapelekwa ofisini na wajumbe wawili wa komite ya wazazi waliovaa nguo za Jumapili. Ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili tuliambiwa mwenye muhuri ametoka. Ya tatu ilipokelewa na mlinzi langoni, ikaishia hapo. Hii ya nne naiandika kwa Kiswahili na kuiweka wazi. Katiba inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, kwa hiyo ofisini hakitashindwa kusomeka. Na akina mama ambao watoto wao wanahamishwa wataisoma wenyewe, bila kumtafuta mtu wa kuwafasiria.

Mimi ni fundi wa kushona na mama wa watoto watatu, wawili kati yao bado wako shule ya msingi. Nimekaa miaka minne kwenye komite ya wazazi ya shule moja ya serikali. Jina lake sitaliandika. Mnaijua, maana mmechora mstari nyuma ya ukuta wake.

Kwa wasioijua habari: mwezi wa tatu lilibandikwa tangazo la ukurasa mmoja kwenye mlango wa direkta. Linasema kwamba kuanzia mwaka mpya wa masomo, watoto wanaokaa ng'ambo ya avenyu inayopita nyuma ya shule hawataandikishwa tena kwetu. Wataandikishwa kwenye shule nyingine, iliyo ng'ambo ya barabara kubwa ya malori. Hata aliyeanza la kwanza kwetu na sasa amefika la tano, anahama. Sababu iliyotajwa ni kupunguza msongamano. Chini kuna sahihi, lakini jina la mwenye sahihi halisomeki.

Nyumba yangu iko upande wa mbele. Watoto wangu wanabaki. Niseme ukweli wote, ili kesho asije mtu kunisemea: siku niliyosoma tangazo lile, nilifurahi. Nilipiga hesabu palepale mlangoni, kwamba watoto wa nyuma wakiondoka, wa kwangu wa mwisho atapata mahali pa kukunjulia kiwiko anapoandika. Ilinichukua wiki nzima kuona aibu.

Msongamano haupingwi na mtu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Tulisubiri miaka 13 kuiona bure hiyo, mpaka Septemba 2019. Kabla ya hapo mzazi alikuwa akilipa minervali, yaani ada ya shule, akilipa na prime ya kumpa mwalimu moyo, tangu ile miaka mibaya ya tisini Serikali iliposhindwa kulipa mishahara. Mtoto asiyelipiwa alikuwa anarudishwa nyumbani asubuhi, mbele ya wenzake, na daftari lake mkononi. Milango ilipofunguliwa waliingia wote kwa pamoja: waliokuwa wanauza maji barabarani, waliokuwa wanalea wadogo zao, na pia wale ambao wazazi wao walichoka kulipa shule za binafsi. Darasa la tatu la mtoto wangu nimelihesabu mwenyewe mwezi wa pili. Watoto 112, benchi 26. Waliobaki walikaa juu ya magunia.

Lakini asiniweke mtu kwenye kundi la wanaosema bure imeharibu shule. Shule iliharibika zamani. Ni vile tu watoto wa maskini hawakuwa ndani kuiona.

Waheshimiwa, haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Mstari wenu haupunguzi mtoto hata mmoja. Kwetu kuna vyumba 12, na kwa daftari la komite tuna watoto 1,320 hivi. Wanaotakiwa kuhama ni kama 400. Nilivuka barabara nikaenda kuiona hiyo shule nyingine kwa macho. Ina vyumba saba, kimoja hakina mabati tangu upepo wa mvua za mwaka jana, kwa hiyo niiteni sita. Watoto waliopo sasa wanakaribia 540. Mimi hesabu yangu ni ya mita na sentimita, lakini hii haihitaji kalamu ndefu: kwetu darasa litashuka mpaka watoto 77, na kule litapanda kupita 150. Mtoto aliyekuwa anakaa juu ya gunia kwetu atasimama kule. Huko tunakuita kupunguza msongamano? Mwenye sufuria mbili zilizojaa akiimwagia moja ndani ya nyingine, jikoni kutalowa tu.

2. Mtasema mtoto asome karibu na kwao. Neno zuri, na kama ndilo kanuni basi mstari wenu umelivunja. Kuna nyumba upande wa nyuma ambazo ukuta wa shule ndio ukuta wa jiko lao. Watoto wa pale wanaisikia kengele wakiwa bado wanatafuta viatu. Hao ndio mnaowatuma kwenda kuvuka barabara ya malori ya shaba na kobalti yanayoshuka mpakani Kasumbalesa, malori yasiyosimama kwa mtu mzima, sembuse mtoto wa la kwanza mwenye kilo kumi na nane. Wakati huohuo, upande wetu wa mbele, wako wanaoletwa na gari kutoka mbali kuliko hiyo shule ya ng'ambo, na hao tangazo halikuwagusa. Nipeni kipimo kimoja, chochote, nitakikubali. Mita za kutoka mlangoni mpaka darasani, sawa. Lakini isiwe mita kwa hawa na kitu kingine kwa wale.

3. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe halipendi kusemwa mkutanoni. Mstari unahamisha watoto, na nyuma ya watoto unahamisha pesa na walimu.

Shule yetu ina walimu wanaolipwa na Serikali, na ina wengine ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya mshahara, wale mnaowaita nouvelles unités. Mnajua jinsi wanavyoishi. Mwalimu wa namna hiyo anaingia darasani saa moja na nusu asubuhi, anafundisha watoto mia, na mwisho wa mwezi hakuna benki inayomwita. Hata wale wenye mshahara, prime ilipofutwa mwaka 2019, wa mjini walipoteza sehemu kubwa ya walichokuwa wakikipata, maana mjini prime ilikuwa nene kuliko ya vijijini. Basi tukiri: wazazi tunachanga. Hakuna risiti, hakuna tangazo. Mwenye kuweza anatoa franga kidogo kwenye bahasha, mwingine analeta kilo za bunga, mimi nimemshonea mwalimu wa la pili suruali mbili bila kumdai. Sheria haipendi hivyo, na sisi pia hatupendi. Lakini bila bahasha ile darasa la pili lingekuwa halina mwalimu tangu mwaka juzi.

Sasa angalieni mchango ule unatoka wapi. Unatoka upande wa mbele: kwa baba anayefanya kazi na kampuni ya usafirishaji, kwa mama mwenye duka la dawa, kwa familia sita au saba hivi. Mwalimu anayebaki kwa sababu ya familia hizo saba anafundisha watoto mia, na wengi wao ni wa nyuma ya ukuta. Hakuna aliyepanga. Ilitokea kwa sababu walikaa benchi moja. Mkiwatenganisha, mwalimu asiye na mshahara atafanya kama ninavyofanya mimi nikisikia kuna wateja wanaolipa: atavuka kwenda waliko. Kwa miaka miwili shule ya mbele itakuwa na walimu wa kuchagua, na ile ya ng'ambo itakuwa na mtoto mkubwa wa la sita anayeshika chaki akiwaangalia wadogo. Halafu matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yatabandikwa, na atatokea mtu kusema: mmeona, watoto wa kule hawana akili.

4. Mimi nashona sare za pande zote mbili. Shati jeupe, suruali au sketi ya bluu, kama nchi nzima. Natambua nani ni nani kwa namna wanavyolipa: kuna anayelipa siku ya kupima, na kuna anayelipa mara nne na anayeniomba niache pindo refu chini ili sketi imalize miaka mitatu. Wakishavaa, mimi mwenyewe siwezi kuwatofautisha wakiwa kwenye mstari wa bendera. Kwa saa tano za asubuhi mtoto wa muuza makala, yaani makaa ya kupikia, na mtoto wa mwenye duka la dawa wanakuwa kitu kimoja machoni pa mwalimu, na hakuna mahali pengine katika mji huu wanapopata saa tano kama hizo. Mstari wenu utaandika juu ya shati kile ambacho sare ilikuwa inakificha.

Na mji huu mistari unaifahamu. Ulipoanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji, haukukaa sana kabla ya kutenganisha watu wake. Kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, huko Kamalondo, waliacha ukanda mtupu wakauita zone neutre. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu, malaria. Watoto nao walikuwa na shule zao huku na shule zao kule. Hakuna aliyehitaji kusema hadharani kwamba mtu fulani hatakiwi, mbu walitosha. Siwafananishi ninyi na watu wale, Waheshimiwa, hata kidogo. Nasema tu kwamba neno "msongamano" linaweza kufanya kazi iliyofanywa na mbu bila mwenye kulitamka kukusudia.

Ndiyo maana kifungu cha 13 cha Katiba kinanigusa. Kinakataza Mkongomani abaguliwe katika elimu, iwe kwa sheria au kwa uamuzi wa serikali, na kati ya sababu zinazokatazwa kwa majina ziko hali yake ya kijamii na mahali anapokaa. Tangazo lenu lina sababu moja tu ya kumhamisha mtoto: mahali anapokaa.

5. Mkutano wa wazazi wa mwezi wa sita ulichukua saa nne, tukakaribia kushikana mashati. Baba mmoja wa upande wa mbele alisimama akasema analipa kodi ya nyumba ghali ili mtoto asome karibu na asome vizuri, na hana kosa. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenunua rangi ya ubao. Mama mmoja wa nyuma akamjibu: "Papa, makala unayopikia bukari nakuuzia mimi. Mlangoni kwako nafika kila siku, na mtoto wangu akifika darasani kwa mtoto wako ndiyo kosa?" Watu walicheka, na yule baba naye akacheka, lakini hakubadilisha neno lake. Nalisema hili ili msidhani wazazi wote tuko upande mmoja. Hatuko. Wapo wanaoupenda mstari na wana haki ya kusikilizwa. Ubaya ni kwamba mmetuachia sisi tugombane juu ya vyumba 18 badala ya ninyi kutuambia cha 19 kitajengwa lini.

6. Katika mkutano uleule lilitoka neno "wageni", kwamba shule imejazwa na waliokuja kutoka mikoa mingine. Naomba viongozi walikatae neno hilo wao wa kwanza, na mapema. Sisi tuliokuwa watoto hapa mwaka 1992 na 1993 tuliona liliwafikisha wapi majirani zetu wa asili ya Kasai, na stesheni ya treni ilivyojaa watu na vyombo vyao. Sitaliandika zaidi ya hapo.

7. Wanaoingia la sita Septemba hii wasihamishwe kwa hali yoyote. Mtoto wa mwaka wa mtihani hapelekwi kuanza upya na mwalimu asiyemjua.

Najua mtajibu nini, kwa sababu vipande vya majibu tumekwisha kuvipata koridoni. Kwamba ni hatua ya muda. Waheshimiwa, turubai lililowekwa juu ya darasa letu la kwanza mwaka 2020 nalo liliwekwa kwa muda. Lilikuwa bluu, sasa ni rangi ya maziwa ya unga.

Kwamba pesa za kujenga hazipo, na kwamba ile programu ya maendeleo inayojenga shule ni ya teritwari 145 za vijijini, na jiji si teritwari. Hilo ni kweli. Lakini Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 25 ya mrabaha wa madini inakwenda kwa mkoa ambamo mgodi uko, na asilimia 15 kwa mji au sekta ya pale yanapochimbwa. Malori mengi yanayopita kwetu yanatoka mkoa jirani wa Lualaba, nakubali, lakini Haut-Katanga, mkoa wetu, nayo ina migodi yake na ina sehemu yake. Mtoto wa nyuma ya ukuta anakula vumbi la madini hayo kila siku. Vyumba sita vipya na mabati ya kile kimoja ni ombi dogo sana mbele ya kinachopita pale kwa usiku mmoja.

Tunachoomba ni hiki. Msimamishe tangazo, watoto wote warudi Jumatatu ya kwanza ya Septemba pale walipofungia mwaka. Mbandike mlangoni pa kila shule ya mtaa wetu, zote na si hizi mbili tu, idadi ya watoto kwa kila darasa, ya vyumba vyenye paa, ya walimu wanaolipwa na wasiolipwa; tukiisha kuona karatasi hiyo tutazungumza juu ya mipaka, na inawezekana kabisa tukakubaliana kuwa na mipaka, ila ichorwe na wazazi wa pande zote wakiwa mezani. Wakati tunasubiri vyumba, tuko tayari kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, kwa sharti moja: zamu zibadilishane kila robo ya mwaka. Tusije tukakuta joto la mwezi wa kumi chini ya mabati ni la watoto wa nyuma peke yao. Na hao walimu wasiolipwa, orodha yao ipelekwe mbele na jina la aliyeipeleka lijulikane.

La mwisho ni jibu. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, nao wanatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeruhusiwa kushitakiwa kwa kufanya hivyo. Barua yetu ya kwanza, yenye muhuri wenu, ilifikisha miezi mitatu mwishoni mwa mwezi wa sita. Sasa tuko mwezi wa nane. Jibu la "hapana" lililoandikwa tutalipokea kwa heshima na kulijibu. Kimya hatujui tukijibu namna gani.

Daftari la sahihi liko kwenye meza ya cherehani yangu, wazi tangu asubuhi mpaka umeme ukatike. Wa mbele na wa nyuma wanaandika ukurasa mmoja, nimekataa kuugawa.

Kuna jambo dogo la kazi pia. Kwenye mfuko wa shati huwa nashona alama ya shule. Nina mashati 31 ya watoto wa nyuma, yamekwisha, yamepigwa pasi, mifuko mitupu. Mama zao wanapita kila jioni kuniuliza nimeambiwa nishone alama ya wapi.

Kwa heshima,

Mama wa watoto watatu, fundi wa kushona, mjumbe wa komite ya wazazi
Lubumbashi, mwezi wa nane